Hako Ka-Vitz Kako Kanatosha

Kuna swali moja hapa Nairobi linaniudhi kuliko "utaoa lini". Ni hili: "Hiyo ni namba gani?"

Hawaulizi gari inaendaje. Hawaulizi inakula mafuta aje, ama breki zinashika, ama ulifurahia safari ya kuja. Wanainama kidogo kuangalia bampa, wanasoma zile herufi tatu, halafu uso unabadilika. Ikiwa ni namba D, unaitwa bosi. Ikiwa ni C, "si mbaya, si mbaya." Ikiwa ni B kama yangu, unapewa pole kana kwamba umefiwa.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usijisumbue kuutafuta: gari nzuri ya kuendesha ni ile uko nayo leo, bora breki zinashika na tairi si kipara. Raha ya kuendesha haikai kwenye namba, wala haikai kwenye ukubwa wa injini. Na kizazi chetu kinapoteza pesa, usingizi, na wengine maisha, kwa sababu tulidanganywa kwamba raha itaanza na gari inayofuata.

Namba inasema kitu kimoja tu

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Namba za KC zilianza 2014, za KD zikafuata 2020. Zinakwambia gari ilisajiliwa Kenya lini. Basi. Hazisemi iliundwa lini.

Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari ya mtumba ambayo haijapitisha miaka 8. Kwa hivyo gari iliyoingia mwisho wa 2020 ikapewa namba D inaweza kuwa ya 2013. Ingine iliyoingia 2018 na iko na namba C inaweza kuwa ya 2015. Mwenye C ako na gari changa kuliko mwenye D, lakini kwa harusi ni yeye ataambiwa apaki huko nyuma karibu na hema la wapishi.

Kuna kitu kingine namba haisemi: kama mwenye gari amemaliza kulipa.

Kuna jamaa tulisoma naye, yeye aliamua lazima awe na D. Akachukua mkopo. Logibuku iko na majina mawili, lake na la waliomkopesha, na ndani ya gari kumefichwa kidude cha kuwaambia iko wapi usiku na mchana. Gari ni safi, siwezi kudanganya. Viti ni vya ngozi, kioo cha mbele kikubwa kama televisheni. Lakini Jumatatu hadi Ijumaa utampata kwa matatu, kwa sababu pesa ya petroli ilienda kulipa gari. Jioni akifika nyumbani anazunguka nayo akiangalia kama imekwaruzwa. Manze, huyo hajanunua gari. Ameajiriwa kuwa askari wa gari ya wenyewe.

Halafu kila tarehe 14 sisi wote tunangoja EPRA watangaze bei ya mafuta kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Oktoba 2023 petroli ilivuka shilingi 217 kwa lita hapa Nairobi. Ukiwa na injini ya cc 2500 yenye tabo, hiyo ni matanga. Ukiwa na ka-injini ka cc 1000, ni maudhi tu. Unalalamika, unaweka ya soo tano, unaenda.

Sasa raha iko wapi?

Ya kwangu ni Vitz ya 2006. Cc 996, silinda tatu, nguvu ya farasi 70 hivi. Niliinunua na pesa ya kuhariri video za harusi, miaka miwili baada ya kuacha chuo. Hakuna mtu anaidai. Ikiwaka asubuhi inatetemeka kidogo kama mtu ametoka kuoga maji baridi, halafu inatulia.

Siri ambayo wenye magari makubwa hawatakwambia ni hii. Mjini sheria inakuruhusu 50 kwa saa. Na kwa jam yetu, 50 yenyewe ni ndoto. Sasa wewe ukiwa na farasi 250 pale Waiyaki Way, unazitumia wapi? Ni kama kununua sufuria ya harusi ndio uchemshe chai ya mtu mmoja. Gari kubwa haijawahi kuamka. Inasinzia chini yako safari nzima, na wewe unasinzia juu yake.

Kagari kadogo unakatumia kote. Ukiona kilima mbele lazima ufikirie mapema: nishike kasi hapa kwa tambarare, nisipunguze bila sababu, nizime AC sasa. Ndio, unazima AC. Wenye cc 1000 wote tunajua hiyo ibada. Ukifika juu bila kupoteza mwendo unajisikia kama rubani ametua na ndege kwa upepo. Mwenye V8 alipanda hicho kilima bila hata kujua kilikuwa kilima. Nani alijibamba kati yetu wawili?

Na usiniambie kagari kadogo si gari. Mwaka wa 1993 Subaru walileta Vivio kwa Safari Rally. Vivio, wasee! Kale kagari ka cc 660, kadogo kuliko Vitz yangu, dhidi ya Celica za Toyota. Walikapatia madereva kadhaa, mmoja wao Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia, na mwingine Patrick Njiru wetu wa hapa. McRae aliendesha kwa moto na hakumaliza. Njiru alimaliza, akawa nambari 12, maelfu ya kilomita kwa matope, vumbi na mawe. Alikuwa anaijua barabara na anajua gari yake inaweza nini na haiwezi nini. Hiyo ndio naiita kuendesha.

Mambo manne ya kujaribu wiki hii

Kuendesha ni kazi ya mikono kama kupika chapati. Wengi wetu tulijifunza ya kupita mtihani, tukapewa leseni, tukaacha kujifunza siku hiyo hiyo. Halafu tunashangaa mbona tunaboeka.

Kwanza, angalia mbali. Usiangalie taa za nyuma za gari iliyo mbele yako. Angalia gari ya tatu, ya nne, yule mwenye mkokoteni, ile matatu inawasha indiketa ya uongo. Baada ya siku mbili utaanza kujua kitakachotokea kabla kitokee, na hiyo inaleta utamu fulani kama kusoma mawazo ya watu.

Pili, maliza breki kabla ya kona. Punguza ukiwa bado umenyooka, halafu ingia kona gari ikiwa imetulia, toka ukiongeza mafuta polepole. Fanya hivyo hata kwa mwendo wa 30 kwa kona ya kuingia kwenu mtaani. Utasikia gari inainama na kusimama vizuri, kama mtu anajua kucheza rhumba.

Tatu, acha pengo. Najua, ukiacha pengo Nairobi matatu itaingia. Iache iingie. Ikiingia umepoteza mita tano. Usipoacha, unakanyaga breki kila sekunde mbili mpaka goti linauma, na bado utafika saa ile ile.

Nne, mtihani wa mayai. Weka trei ya mayai kiti cha nyuma, kutoka sokoni hadi nyumbani. Kama hakuna yai limesogea, wewe ni dereva. Mathe wangu hana habari na farasi wala tabo, lakini anajua ni nani kati ya watoto wake akiendesha yeye hashiki dashibodi.

Hayo mambo manne hayahitaji namba D. Na hayamalizi mafuta. Yanayaokoa, kwa sababu kila ukikanyaga breki unatupa petroli uliyokuwa umeshalipia.

Chumba chenye magurudumu

Kuna raha nyingine haihusiani na kona. Wengi wetu hatuna pahali petu. Uko nyumbani kwa wazazi unalala na ndugu wawili, ama uko kwa bedsita ambayo ukikohoa jirani anakwambia pole. Gari, hata ile mzee yenye mlango mmoja haufunguki kutoka ndani, inaweza kuwa chumba cha kwanza maishani chenye ufunguo wako peke yako. Pale ndio utaimba vibaya bila aibu. Pale ndio utalia ukitoka interviu. Pale ndio utakaa dakika kumi kwa maegesho kabla ya kuingia kwa nyumba, umezima injini, unasikia tu ile tik-tik ya chuma kinapoa.

Hata jam inabadilika ukiiona hivyo. Sisemi jam ni nzuri, mimi si mwanasiasa. Lakini kama utakaa pale Mombasa Road dakika 40 upende usipende, njugu za karatasi ziko hapo dirishani na redio inaongea.

Redio yenyewe ni hadithi. Hizi gari zetu zilizaliwa Japani, na redio za huko zilitengenezewa mawimbi ya 76 hadi 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo lazima fundi akuwekee kidude cha kushusha mawimbi. Halafu kuna yule mama wa Kijapani anakuambia kitu kila ukiwasha gari. Miaka mitatu na sijui ananiambia nini. Mimi humjibu, "Asante, na wewe pia."

Na gari ina njia yake ya kufungua watu midomo. Mimi na mzee wangu hatukuwa tunaongea vizuri tangu niache chuo. Mezani kila mtu alikuwa anaangalia sahani yake. Krismasi moja nikampeleka ushago, Nyeri, mimi na yeye tu. Hadi Thika, kimya. Mashamba ya mananasi, kimya. Tukipita Makutano, akiangalia tu mbele barabarani, akauliza, "Kwani hiyo kazi yako ya simu inalipa aje?" Nikaanza kumwelezea, na nikamaliza tukiwa Karatina. Sidhani angeuliza hivyo tukiwa tunaangaliana. Kwa gari mnaangalia upande mmoja, mikono iko na kazi, na swali gumu likitoka linaenda mbele kwa kioo badala ya kukugonga usoni. Tukifika alishuka, akajinyoosha mgongo, akasema, "Unaendesha vizuri." Kwa mzee wangu hiyo ni digrii.

Alisema hivyo ndani ya Vitz. Hakuna mahali aliuliza ni namba gani.

Barabara ziko

Amka Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pitia Uhuru Highway na katikati ya mji kabla waumini na matatu hawajaamka. Nairobi ni mrembo sana ikiwa imenyamaza, na wengi wetu hatujawahi kuiona hivyo isipokuwa tukitoka klabu, na hapo hatuoni vizuri.

Siku nyingine panda Limuru Road, upite Banana hadi Tigoni. Baridi inaingia dirishani, majani chai pande zote mbili, kona ndogo ndogo zilizotengenezewa hasa magari madogo. Ukiwa na siku nzima, shuka bondeni kwa barabara ya Mai Mahiu. Simama kwa wale wa kuuza ngozi za kondoo, uangalie Longonot. Huko chini kuna kanisa dogo sana kando ya barabara, lilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka wa 1942. Malori ni mengi pale, usishindane nayo. Nunua mahindi choma, rudi pole pole, AC ikiwa imezimwa.

Na ukirudi, ioshe mwenyewe. Ndoo, sabuni, kitambaa cha zamani. Ukiosha gari kwa mkono wako ndio utaona tairi moja inalika upande wa ndani, ama kuna tone la oili pale chini. Fungua boneti Jumamosi, angalia oili na maji. Jifunze sauti yake ya kawaida, ndio siku ikibadilika usingoje fundi akwambie. Uzuri wa Vitz ni kwamba ukienda Kirinyaga Road ama Grogan na jina la kitu kilichoharibika, utatoka nacho bila kuuza figo. Jaribu kutafuta taa ya mbele ya hizo gari za Ujerumani uone.

Raha si 180

Hapa naongea na wenzangu wa kontenti. Najua video gani inatazamwa. Ni ile simu imeelekezwa kwa dashibodi, mshale umefika 180, muziki umepandishwa, na mtu anacheka nyuma. Video yangu ya mtihani wa mayai haitawahi kufikia hiyo kwa watazamaji. Sawa.

Lakini tuambiane ukweli. Miaka ya karibuni barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, kwa hesabu ya NTSA, na kundi kubwa zaidi ni watu wanaotembea kwa miguu. Ukiwa 50, kwa sekunde moja umeenda mita 14. Ukiwa 100, umeenda 28, na gari inahitaji nafasi ya kusimama mara nne, si mara mbili. Hiyo ni hesabu, haijali gari yako ilikuwa bei gani. Yule mathe anavuka Thika Road na mboga kwa sababu daraja liko mbali hajui wewe unatengeneza video.

Na hata tukiweka kifo kando, mwendo wa kuogofya si ufundi. Kukanyaga mafuta hadi chini, mtoto wa miaka mitano anaweza kama mguu wake ungefika. Anayehitaji 180 ndio asikie kitu ni kama mtu amezoea pilipili mpaka hasikii tena ladha ya maharagwe.

"Si hizo ni za sungura?"

Najua mtu ashaanza kuandika: "Huyu anajifariji tu. Sizitaki mbichi hizi. Akiomoka ataacha hiyo Vitz siku hiyo hiyo."

Labda nitaibadilisha siku moja, sijaapa kuzikwa nayo. Sina shida na mtu anataka gari kubwa zaidi. Kama uko na watoto watatu na mbwa, Vitz haitawatosha. Kama unapita njia ya matope kila siku, nunua gari ya juu. Kama pesa iko na unapenda, nunua, ni jasho lako, na mimi nitakuja kuomba unizungushe nayo.

Shida yangu ni na kungoja. Ni kuishi miaka mitano ndani ya gari unayoionea aibu, unaipaki mbali na wenzako, huioshi, huisikizi, unaiendesha ukiwa na hasira, kwa sababu kichwani unaendesha ingine. Siku utapata hiyo ingine, utaingia nayo na macho yale yale. Ndani ya miezi sita utaona ya jirani. Macho ambayo hayajajifunza kufurahia cc 1000 hayatafundishwa na cc 3000.

Na tukumbuke pia kuwa na gari yoyote hapa ni bahati. Wengi wa watu wa mji huu wanatembea ama wanapanda matatu. Wakati unalilia namba, kuna mtu anatoka Kibera hadi Industrial Area kwa miguu asubuhi na jioni. Sisemi ujisikie vibaya. Nasema ukimwona jioni mvua inanyesha na unamjua, kiti cha nyuma kiko. Hiyo pia ni raha ya kuwa na gari, na Vitz hubeba wanne bila kulalamika sana.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujaingia tena kwa zile kurasa za magari ya kuuza saa nane usiku, nenda chini kwa maegesho. Ongeza upepo kwa tairi. Panguza kioo kwa ndani. Weka simu mfuko wa nyuma, chagua njia ndefu ya kurudi nyumbani, maliza breki kabla ya kona.

Halafu mtu akikuuliza hiyo ni namba gani, mwambie aingie umzungushe. Akishuka bila kushika dashibodi, atakuwa amejibiwa.